Gemu la kutembeatembea tu, hakuna kuua wala kufungwa: kwa nini linanipumzisha kuliko kulala? (Wa Kusini mje hapa)

#1 Karani wa Mizani, Tandahimba

Habari za usiku wakuu.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi. Aliyewahi kukaa kwenye mizani mwezi wa kumi na moja anajua ninachosema. Mtu kapima gunia la korosho kwake likasoma kilo 80, hapa linasoma 77, basi mwizi ni mimi. Naambiwa nimeliinua kwa goti ili lisome pungufu. Ikifika jioni nimefunga ghala, masikioni bado nasikia watu wanabishana.

Zamani nikitoka kazini nilikuwa napitia kibandani kucheza mpira wa kwenye PS (PlayStation). Nafungwa dakika ya 90 na mtoto wa darasa la sita, narudi nyumbani nimevimba kuliko nilivyotoka ghalani. Msimu huu mpwa wangu kaniwekea kwenye laptopu gemu moja linaitwa A Short Hike. Wewe ni ndege, jina lako Claire, upo kwa shangazi yako kwenye hifadhi, na simu yako haishiki mtandao. Inabidi upande mlima mpaka kileleni, ndiko mtandao uliko. Gemu lote ndilo hilo. Nilicheka peke yangu, maana kijijini kwetu mtandao upo juu ya kichuguu kimoja nyuma ya msikiti. Kila mwenye jambo zito huenda kuliongelea pale, kwa hiyo posa zote tunazijua kabla ya barua kufika.

Njiani hakuna anayekufukuza. Ukitaka unavua samaki, unaokotea mtoto makombe ufukweni, unapiga mpira kwa kijiti. Unatafuta manyoya ya dhahabu, kila ukipata moja unaweza kupanda jabali refu zaidi kabla hujachoka. Jana nimekaa dakika arobaini sijapanda hata hatua moja. Nimekaa juu ya jiwe nasikiliza tu. Nikalala saa nne kama mtoto mchanga. Siku nisipocheza naota mizani.

Sasa maswali. Kwa nini hivi? Mbona nikikaa bure kibarazani sipumziki, ila nikimkalisha ndege juu ya jiwe napumzika? Na mengine ya aina hii yapo? Laptopu yangu ya kizamani, feni inalia kama mashine ya kukoboa.

#2 Ming'oko Mibichi, Lindi

Nimekaa chini ya mkorosho nasubiri wajuvi. Lakini mkuu, kabla hatujafika mbali: lile goti uliweka au hukuweka?

#3 Kangomba Mstaafu, Newala

Aliweka. Endeleeni.

#4 Mtoto wa Shangani, Mtwara mjini

Jibu jepesi kabisa: hakuna kushindwa. Mwili unajua. Kwenye mpira kuna saa inakimbia na kuna mtu anataka akuaibishe mbele ya kibanda kizima. Kwa huyo ndege hakuna wa kukucheka.

Tafuta Journey, ilitoka 2009. Umevaa joho, uko jangwani, mbele kuna mlima unang'aa kileleni, unaufuata. Ukikutana na mchezaji mwingine humjui jina lake, hamwezi kuandikiana, mnaitana kwa mlio tu. Mimi nilikutana na mmoja kwenye mchanga, tukaenda naye mpaka kwenye theluji. Kule upepo unawapiga, na mkigusana mnapeana nguvu, kwa hiyo tulitembea tumebanana kama watu wawili kwenye kanga moja. Gemu likiisha ndipo unaonyeshwa majina ya uliotembea nao. Nililitazama lile jina mpaka kioo kikazima. Mpaka leo sijui alikuwa wa nchi gani.

#5 Fundi Padi, Masasi

Shangani, miaka umechanganya. Ya 2009 ni Flower, ile ya kupeperusha maua kwa upepo. Journey ni 2012, kwenye PS3. Zote za watu wale wale, thatgamecompany. Kwenye kompyuta Journey imefika 2019, mwaka uleule ilipotoka A Short Hike ya karani.

Kuhusu kushindwa sikubaliani. Mimi nina kibanda cha gemu. Niliwahi kuweka Journey makusudi, nione. Watoto waliikimbia. Sababu haikuwa ubaya wa gemu. Mimi nauza dakika. Mtoto aliyelipia dakika kumi hawezi kukaa juu ya jiwe asikilize upepo, kila sekunde anaona hela inakwenda. Karani unapumzika kwa sababu laptopu ni yako na hakuna mtu mlangoni anasema "bado mbili." Kaa na gemu hilohilo kibandani kwangu uone kama utalala saa nne.

#6 Ming'oko Mibichi

Kwa hiyo tatizo la vijana wetu ni wewe.

#7 Fundi Padi

Na ada ya shule ya watoto wangu nani atalipa, wewe na ming'oko yako?

#8 Nesi wa Zamu, Lindi

Jamani salaam. Niseme kidogo kutoka upande wetu.

Kuna wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, mtu na mkewe, Rachel na Stephen Kaplan. Wao waligawa umakini mara mbili. Kuna ule wa kulazimisha: kusoma mizani, kuhesabu dawa, kusikiliza mtu anayefoka huku unaandika. Huo unachoka kama msuli. Na kuna ule unaovutwa wenyewe bila nguvu: majani yanatikisika, maji yanapita, mawingu. Huu wa pili ukishika zamu, ule wa kwanza unapumzika. Ndiyo maana kukaa bure hakutoshi, kaka karani. Ukikaa bure kibarazani ule umakini wa kulazimisha unaendelea kazi, unapima magunia ya jana. Huyo ndege anauondoa kwenye zamu.

Mimi nikitoka zamu ya usiku siwezi kulala moja kwa moja. Nacheza Alto kwenye simu, robo saa, macho yanaanza kuwa mazito.

#9 Mwl. Kipeo, Nachingwea

Dada Nesi, maelezo mazuri lakini pana shimo. Akina Kaplan waliongelea asili yenyewe: bustani, msitu, miti iliyo na majani ya kushika. Wewe umeleta mchoro wa mti. Na kama miti ndiyo dawa, Tandahimba kuna kingine zaidi ya mikorosho? Karani anaishi ndani ya msitu mchana kutwa. Mbona hajapona?

#10 Karani wa Mizani

Mwalimu, hili nimelifikiria nikiwa ghalani leo.

Mkorosho siwezi kuutazama bure. Nikiona ua naona ubwiriunga, nikiona ubwiriunga naona salfa, nikiona salfa naona deni. Mabibo yakidondoka usiku nahesabu. Jirani akipita chini ya mti naangalia mikono yake. Mti wenyewe haunipi nafasi ya kuwa mtu asiyeuhitaji. Sasa kule kwenye gemu kuna miti sijui hata inaitwaje, haizai kitu ninachoweza kuuza. Naipita tu.

Na kuhusu goti, sitajibu tena.

#11 Kangomba Mstaafu

"Sitajibu tena" ndilo jibu.

Ila hapo kwenye miti nakuunga mkono. Enzi zangu nikipita shambani nilikuwa natazama mti mmoja tu na kusema debe ngapi. Mke wangu aliniambia niuangalie ule mti namna ulivyokaa vizuri. Nikamwambia debe saba.

#12 Sijalala, Mtwara

Wakuu sisi wa simu mnatutupa. Nesi, hiyo Alto ipi, zipo mbili?

#13 Nesi wa Zamu

Alto's Adventure ya 2015 ni ya milima ya theluji, Alto's Odyssey ya 2018 ni ya jangwa. Mimi nacheza ya jangwa. Kwenye Android unaipata bure, matangazo yapo. Muhimu: usicheze ile ya kawaida ya kuhesabu alama. Tafuta hali inayoitwa Zen. Hakuna alama, hakuna sarafu, ukianguka unainuka unaendelea kuteleza. Weka spika za masikioni. Kuna wakati jua linazama, maputo makubwa yanapita juu, halafu mvua inaanza. Mimi hapo huwa nimeshavua viatu.

#14 Mtoto wa Shangani

Kwenye simu ipo pia Sky: Children of the Light, ya hao hao wa Journey. Android ilifika 2020. Ni ya bure na inapendeza, mnarukaruka mawinguni na watu wa dunia nzima, mnawashiana mishumaa. Ila inataka mtandao muda wote. Bando langu la wiki lilikata siku ya pili, nikabaki na mshumaa mkononi.

#15 Dereva wa Kusini

Nawasoma kutoka maegesho, Nangurukuru.

Mimi ni dereva wa lori, Dar na Mtwara, kilomita mia tano na ushee. Mtacheka: nikifika nyumbani nacheza Euro Truck Simulator 2. Naendesha lori.

#16 Ming'oko Mibichi

Hapana. Hapana. Huyu apimwe.

#17 Dereva wa Kusini

Nilijua. Sikieni kwanza. Kule unatoka mji mmoja wa Ulaya kwenda mwingine, mvua inanyesha kwenye kioo, vifuta maji vinakwenda, redio inaimba. Ramani wameipunguza moja kwa kumi na tisa, kwa hiyo nchi nzima unaivuka kabla chai haijapoa. Hakuna tingo anayekoroma. Hakuna tajiri anapiga simu kila baada ya nusu saa "umefika wapi." Mwaka 2024 mvua zilipokata barabara pale Somanga nililala kwenye kichwa cha gari na mzigo wa watu, simu zikiingia kama mvua yenyewe. Tangu hapo nikiwa barabarani tumbo linakaza nikiona wingu. Nikicheza lile gemu mvua ikinyesha, mikono inakumbuka kuendesha bila tumbo kukaza. Sijui niseme vipi. Kazi ni ileile, imetolewa mwiba.

Kwa hiyo hoja ya karani kwamba ni miti asiyoijua, kwangu haifanyi kazi. Mimi napumzika kwa kitu ninachokijua mpaka harufu.

#18 Fundi Padi

Hilo gemu la Wajerumani lina mashabiki wengi sana madereva.

#19 Mwl. Kipeo

La Wacheki. SCS Software, Praha, 2012. Leo umekamatwa na wewe.

#20 Kangomba Mstaafu

Dereva, trafiki wapo humo?

#21 Dereva wa Kusini

Kamera zipo, faini unapigwa. Lakini hakuna anayekusimamisha jua kali akauliza kizimamoto.

#22 Bi Pweza, Mikindani

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mama mtu mzima, mwanangu ndiye aliyenionyesha haya mambo, msinishangae.

Yeye alinishusha kwenye ABZÛ. Unapiga mbizi baharini, samaki makundi kwa makundi, nyangumi anapita juu yako mpaka kiza kinaingia. Unaweza kumshika samaki mkubwa akakuburuta. Kuna sanamu za mawe kule chini, ukizikuta unakaa, unatazama samaki mmoja mmoja na jina lake linatokea. Mimi pale ndipo nilipokaa.

Lakini nilishangaa jambo. Mtu yuko chini ya maji muda wote huo na hewa haiishi. Nikamwambia mwanangu, huyu ni jini.

#23 Sijalala

Mama shikamoo. Mbona mimi niliambiwa kuna kipimo cha hewa, kikiisha unakufa?

#24 Bi Pweza

Marahaba mwanangu. Huyo alikuonyesha nyingine.

#25 Fundi Padi

Shikamoo mama. Ndiyo, yenye hewa inayoisha ni Subnautica, ya 2018. Ile usimpe mtu anayetaka kulala, kule gizani kuna madude yanapiga kelele mpaka unatupa padi ya kuchezea. Japo ina hali ambayo njaa na kiu vimeondolewa, na nyingine ya kujenga tu usiyokufa. ABZÛ ni ya 2016. Aliyeiongoza, Matt Nava, ndiye aliyesimamia sanaa ya Journey, ndiyo maana zinafanana kama ndugu.

#26 Bi Pweza

Ahsante. Sasa niseme ninavyoona mimi.

Nimechokoa pweza tangu nina miaka tisa. Bamvua likija maji yanatoka mbali, tunakwenda na vijiti vyetu. Unatembea juu ya mwamba umeinama, unatazama tundu moja moja. Ukiona vijiwe na makombe yamepangwa mlangoni, mwenyewe yumo. Unaingiza kijiti taratibu, unasubiri ashike. Saa tatu zinapita hujui. Kichwa hakina kitu humo ndani, ni matundu tu. Nyinyi mnasema gemu, sisi ilikuwa ndiyo asubuhi yetu. Lakini maji hayakusubiri. Yakianza kurudi unasikia kwenye miguu kwanza, baridi, hapo hata kama pweza kakushika kijiti unamwacha.

Ndiyo maana hiyo ya hewa isiyoisha ilinipa raha siku mbili, ya tatu ikanichosha. Hakuna maji yanayorudi. Mwanangu anasema mimi sijui kupumzika.

#27 Nesi wa Zamu

Mama, hapo umetupa kazi ya wiki nzima.

#28 Ming'oko Mibichi

Na mimi naleta dai rasmi: gemu bora la kutembea porini ni kuchimba ming'oko. Unafuata kijishina, unachimba, mzizi unapinda unaingia chini ya jiwe, unafukua jiwe, mzizi umekatika. Umepoteza asubuhi. Umerudi na vitatu. Raha tupu. Bando halihitajiki.

#29 Mtoto wa Shangani

Basi kwa mantiki hiyo karani aende Msimbati akakae ufukweni, mchanga upo na hifadhi ya bahari ipo.

#30 Karani wa Mizani

Nauli ya Tandahimba mpaka Msimbati na kurudi, msimu wa mizani, ruhusa naomba kwa nani? Ndege wangu hana nauli.

#31 Mjukuu wa Mpagazi, Lindi

Neno "nauli" ndilo lililonitoa mafichoni.

Bibi yangu aliponiona natembeza mtu porini kwenye gemu, kabeba begi, muziki laini unapiga, aliuliza: "Kwani huyo hana nauli?" Nilicheka, baadaye nikaacha kucheka.

Mnajua Tendaguru. Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) pale kuanzia 1909 mpaka 1913. Mifupa ile ilitoka porini vichwani na mabegani mwa watu, siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mmoja leo amesimama Berlin, kimo chake mita 13.27. Kwetu inasimuliwa kwamba babu mzaa babu alikuwa kwenye ile misafara. Hakuna anayesimulia kuhusu mandhari. Wanasimulia shingo.

Kwa hiyo nikisikia kutembea kunapumzisha, nauliza kunampumzisha nani. Hizi gemu zimetengenezwa na watu waliochoka kukaa ofisini, kwao kutembea ni kitu adimu. Anayepumzika kwa kutembea ni yule ambaye angeweza kutotembea.

#32 Mwl. Kipeo

Niongeze kwenye Tendaguru, watu hulisahau hili. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa pale alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii, kwa ajili yake. Angalau mmoja jina limeingia.

Kwa hoja yenyewe: ni kali, lakini karani amechoka na watu, hajachoka na ofisi. Na huyu dereva je? Na Bi Pweza aliyetembea kwa lazima na bado kichwa kilikuwa cheupe?

#33 Mjukuu wa Mpagazi

Bi Pweza alikuwa anachokoa wake. Babu alibeba wa mtu.

#34 Kangomba Mstaafu

Uzi wa gemu umeanza kuniumiza mgongo.

#35 Mtoto wa Shangani

Haya, turudi. Nani kacheza No Man's Sky? Sayari haziishi. Unatua, unatembea, unaondoka.

#36 Mwl. Kipeo

Zinaisha. Ni 2 kwa kipeo cha 64, yaani zaidi ya 18 ikifuatwa na sifuri kumi na nane. Ukitumia sekunde moja kwa kila sayari, utahitaji miaka zaidi ya bilioni 580. Nimewapa kidato cha pili kama zoezi, wote wakaamka.

#37 Fundi Padi

Ilipotoka 2016 watu walikasirika kwamba mengi waliyoahidiwa hayamo. Hello Games wakaendelea kuongeza bure miaka yote hii, sasa inasifiwa. Mimi bado hainipumzishi. Sayari nyingi kiasi hicho na hakuna hata moja inayokukumbuka. Kilima cha karani ni kidogo, ukishuka unakuta yule uliyempa makombe bado yupo.

#38 Sijalala

Stardew Valley je? Dada yangu anaisifu, kulima taratibu. Naona ni ya kampuni kubwa ya Japani.

#39 Nesi wa Zamu

Ni ya mtu mmoja, Eric Barone, Mmarekani, 2016. Kaiandika, kaichora, muziki kapiga yeye.

Lakini Stardew ilinitia presha! Siku inaisha kwa dakika kama kumi na nne. Nikimwagilia nakumbuka sijalisha kuku, nikikimbilia kuku saa imefika, saa nane usiku mtu anaanguka chini kwa uchovu. Hiyo kwangu ni wodi yenye mboga.

#40 Dereva wa Kusini

😂 Wodi yenye mboga.

#41 Bi Pweza

Mpwa wangu wa Dar anacheza ile ya kisiwa na wanyama, Animal Crossing, ya 2020. Ananiambia humo kuna silikanti, na hashiki ndoana mpaka mvua inyeshe. Nikamwambia huyo samaki ni wa kwetu.

#42 Mtoto wa Shangani

Silikanti si wa Tanga, mama? Hata hifadhi yake iko Tanga.

#43 Mjukuu wa Mpagazi

Tanga walinaswa wengi na hifadhi ni yao. Ila wa kwanza kurekodiwa Tanzania alinaswa 2003 upande wa Songo Mnara, Kilwa. Mkoa wa Lindi. Mtwara msijisogeze.

#44 Ming'oko Mibichi

Lindi oyee! Tena Kilwa Kisiwani imo kwenye gemu la Civilization VI tangu nyongeza ya 2018, ni moja ya maajabu unayojenga. Nimeijenga mara nyingi kuliko nilivyoitembelea.

#45 Fundi Padi

Na hilo gemu usimpe karani. Unasema zamu moja tu ya mwisho, unasikia adhana ya alfajiri.

#46 Ming'oko Mibichi

Kweli. Sasa swali ambalo hakuna aliyeuliza: huko kileleni kwa karani, simu inayosubiriwa ni ya nani?

#47 Fundi Padi

Ya mama yake. Alikuwa anafanyiwa upasuaji.

#48 Karani wa Mizani

FUNDI. Nilikuwa nimebakiza manyoya mawili tu.

#49 Fundi Padi

Yaa. Samahani mkuu. Gemu lenyewe ni la jioni moja, nilijua wiki nzima hii umeshamaliza.

#50 Mtoto wa Shangani

Wewe ndiye uliyemwambia kibanda kizima nani anakufa kwenye tamthilia. Hujaacha.

#51 Nesi wa Zamu

Subirini. Mimi sikulijua hilo, na limenigeuzia kila nilichosema #8.

Wodini namwona huyo ndege kila wiki. Mgonjwa yuko ndani ya chumba cha upasuaji, ndugu yake hatulii kwenye benchi. Anakwenda kununua maji, tayari anayo mawili. Anakwenda kuuliza saa. Anamsaidia mtu asiyemjua kusukuma kitanda. Anapiga stori na mlinzi. Ukimwona unasema huyu hana wasiwasi. Ukifungua mlango na kuita jina, anakuwa yuko mbali kabisa, kwenye uwanja, anamwokotea mtoto wa mtu kiatu.

Sasa Claire anaokota makombe, anavua samaki, anacheza mpira wa kijiti, na mlima uko palepale. Labda hapumziki. Labda anaahirisha, na gemu linamruhusu.

Kaka karani, zile dakika arobaini juu ya jiwe.

#52 Karani wa Mizani

Naomba hiyo nisiijibu dada.

#53 Kangomba Mstaafu

Mwacheni kijana.

#54 Dereva wa Kusini

Mimi bado nasema ni mvua kwenye kioo.

#55 Mwl. Kipeo

Nesi, kama ni kuahirisha, mbona analala vizuri? Anayeahirisha halali.

#56 Nesi wa Zamu

Wanalala, mwalimu. Kwenye benchi, wamekaa, chupa mbili mkononi.

#57 Karani wa Mizani

Umeme ulikatika, ndiyo umerudi. Betri ilikuwa imebaki asilimia 11 nikazima.

Nimefika kwenye theluji. Kule juu manyoya yanaganda, yakiganda hayarudishi nguvu mpaka uingie kwenye dimbwi la maji moto. Nilikuwa sijui, nimeanguka mara tatu. Mama yangu alikuwa amekaa nyuma yangu anamenya muhogo, akauliza huyu ndege kila saa anaanguka anatafuta nini huko. Nikamwambia mtandao. Akasema si apande kichuguu.

Fundi, nimekusamehe. Hiyo ABZÛ laptopu yangu itaiweza?

#58 Fundi Padi

Kwa feni hiyo unayoieleza, hapana, itachemsha chai. Jaribu Proteus, ya 2013. Ni kisiwa tu, kila ukianza kinakuwa kipya, hakuna kazi hata moja. Ukisogelea kitu kinatoa sauti, majira yanabadilika. Picha zake za miraba miraba, hazili mashine. Au Minecraft, weka hali ya amani: madude hayatokei na njaa haikusumbui. Ukija Masasi nitakuwekea mwenyewe, na padi ya USB ninayo.

#59 Ming'oko Mibichi

Atalipia kwa dakika?

#60 Fundi Padi

Kwa kilo.

#61 Kangomba Mstaafu

Basi angalieni goti lake.

#62 Mgeni_Liwale

Habari wakuu, sijasoma kurasa zote. Hivi kati ya hizo kuna ya kucheza kwenye simu ya RAM GB 2, isiyotaka bando?

#63 Sijalala

Soma #13. Na uzime taa.